Manju na Mlango wa Wimbo: Habari za Shinyanga na Geita

Kila mwaka baada ya mavuno, yaani tangu mwezi Juni hadi Agosti, nafaka ikiwa ghalani na pamba imekwisha kupelekwa sokoni, nchi ya Wasukuma hugeuka kuwa uwanja wa ngoma. Makundi mawili hukutana mahali pamoja, kila moja na manju wake, ngoma zake na mapambo yake, nayo huanza kucheza kwa wakati mmoja huku yakitazamana. Hapo hapahitajiki mwamuzi mwenye kalamu na karatasi. Watazamaji wakivutwa na wimbo wa upande huu huhamia huku; wakichoshwa nao, huvuka uwanja wakaenda kule. Jua linapotua, kundi lililozungukwa na umati mkubwa zaidi ndilo lililoshinda, na lile lililobaki na wazee wake na mbwa wawili watatu hurudi nyumbani kimya kimya.

Nimeanza na uwanja huo kwa sababu swali ninalokusudia kulichunguza lilizaliwa hapo, ingawa siku hizi linaulizwa mbele ya simu na intaneti: je, mwimbaji aufungie wimbo wake ndani mpaka alipwe, au auachie utembee ili vijana waujue? Wengi hulitaja jambo hili kana kwamba limeletwa juzi pamoja na simu za mkononi. Kwa mtu aliyekulia Usukuma si jambo jipya hata kidogo. Jipya ni mtu anayeushika ufunguo.

Wasukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagalu na Bagika, ambavyo mapokeo yanaviunganisha na waganga wawili mahasimu, Gumha na Ngika. Mwanamalundi, ambaye jina lake lingine ni Igulu Bugomola na ambaye sifa zake zinajulikana hata kwa watoto wa shule, alikuwa mchezaji wa upande wa Bagika. Kila chama kilikuwa na dawa zake za kuvuta watu na kujikinga na husuda, nazo huitwa samba. Dawa hizo hazikutolewa kwa mpita njia. Aliyezitaka alijiunga na chama, akalipa alichotakiwa kulipa, akamtumikia mkubwa wake na kujifunza pole pole. Lakini wimbo wenyewe, ule wa uwanjani, ulikuwa wa kila mwenye masikio. Manju, au ningi kama aitwavyo kwa Kisukuma, hakumtoza mtu senti moja kwa kumsikiliza, kwa kuwa masikio ya watu ndiyo yaliyokuwa mizani ya ushindi wake. Manju ambaye angeuficha wimbo wake mpya siku ya mashindano angekuwa amejishinda mwenyewe kabla ya jua kutua.

Hata hivyo tusije tukadhani kwamba kila wimbo ulikuwa wazi. Vilikuwapo vyama vingine ambavyo mlango wao ulikuwa na komeo. Mathalani, Bayeye ni wachezaji wa nyoka na waganga wa sumu ya nyoka. Banunguli ni wawindaji wa nungu. Hawa walikuwa na nyimbo za kuchezea hadharani, lakini pia walikuwa na nyimbo za ndani, zilizobeba majina ya dawa na siri za kazi, ambazo hazikuimbwa mbele ya mtu asiyeingizwa chamani. Bayeye walichora hata picha katika kuta za nyumba walimofundishia wanafunzi wao, na Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alitoa kitabu kizima juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Sababu ya kufunga ilikuwa ya maana. Dawa ya nyoka mikononi mwa mjinga huua. Kijana aliyetaka kuingia alijua la kufanya, na aliyemfungulia alikuwa mwalimu wake ana kwa ana.

Basi hapa tunapata jambo ambalo ningependa walimu walitilie mkazo darasani. Mwimbaji wa zamani alikuwa na milango miwili, mmoja wazi na mmoja wa komeo, na katika yote miwili yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa bawabu. Alijua nani ameingia, ameingia kwa masharti gani, na ametoka na nini. Kijana aliyevutwa na wimbo wa uwanjani aliweza kumfuata manju hadi nyumbani, akamlimia shamba, akafundishwa. Uwanja wa wazi ulikuwa ndio unaoleta wanafunzi katika nyumba iliyofungwa. Mlango mmoja bila mwingine haukufaa kitu.

Nyimbo hizi zilisafiri pamoja na watu. Baada ya serikali ya kikoloni kuanzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma mwaka 1947, familia nyingi zilihimizwa kuhama sehemu zilizojaa watu na mifugo zikaingia nchi ya Geita, ambayo wakati huo ilikuwa na mapori na mbung'o. Wengine walikwisha kutangulia kwa ajili ya dhahabu, kwa maana mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hadi 1966. Upande wa Shinyanga palikuwa na almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940. Kijana aliyetoka Maswa au Kwimba akiwa na jembe begani alikuwa pia na nyimbo za kulimia kichwani, zile za bugobogobo zinazoimbwa kwa ngoma huku majembe yakipanda na kushuka pamoja, naye alizipanda katika udongo mpya. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Lakini aliwataja waliozitunga, maana katika utunzi wa Kisukuma manju hujitaja ndani ya wimbo wenyewe: jina lake, kijiji chake, pengine na mwalimu wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa hati yake ya umiliki, nayo haikuhitaji ofisi ya kuiandikisha.

Mtu wa kwanza kuuchukua ufunguo kutoka kwa manju alikuwa mwenye kinasa sauti. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi nyimbo za Wagogo, za jirani zetu Wanyamwezi na za makabila mengine, na kazi yake ikaja kuhifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Kazi hiyo ni hazina, sina ubishi. Lakini hazina iliyo mbali kiasi hicho mjukuu wa mwimbaji angeifikiaje? Nyumbani nako ilikuja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata, bendi za dansi, taarabu, kwaya na vikundi vya ngoma vilirekodi huko, kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha sahani za santuri na waliotaka santuri walikwenda Nairobi. Kanda zilibaki maktaba. Mwanamuziki alilipwa kidogo siku ya kurekodi, na wimbo ulipopigwa mara 100 baadaye yeye hakuongezewa kitu.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Redio hiyo ndiyo iliyotufanya sisi watoto wa Shinyanga tujue kwamba kuna Wagogo na Wamakonde na kwamba nao wana ngoma zinazotikisa mwili. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, alitangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mimi hupenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba maneno hayo mawili, utamaduni na vijana, yaliwekwa katika jina moja. Redio ilikuwa chombo cha nia hiyo. Ila redio ilikuwa na mlango mmoja tu, na bawabu wake alikaa Dar es Salaam. Wimbo usiopangwa katika vipindi haukusikika, hata kama kanda yake ilikuwa nzima rafuni. Wako manju waliokufa wakijua kwamba sauti yao imo serikalini, na wajukuu wao hawajaisikia hata mara moja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kaseti zilifanya kila mwenye redio ya mifuko miwili kuwa mchapishaji. Mtu alinunua moja, akatoa nakala 10. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua njia kwa redio za watu binafsi, na kanda ya ziwa ikapata vituo vyake, kama Radio Free Africa ya Mwanza na baadaye Radio Faraja ya Shinyanga. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7, ambayo ilizaa COSOTA. Sheria hiyo ina sehemu ambayo walimu wachache wameisoma. Inasema kwamba mtu akitaka kuzitumia sanaa za jadi kwa faida, na nje ya mazingira yake ya asili, hana budi kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa. Mchungaji anayeimba wimbo wa babu yake nyuma ya ng'ombe hahitaji kibali. Mfanya biashara anayeuchukua wimbo huo kuuzia sabuni, anahitaji. Kwa maneno mengine, sheria iliiona ile milango miwili. Iliwaona Bayeye na iliuona uwanja.

Lakini komeo la sheria halikuizuia simu. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu wilayani Kahama mwaka 2001, na wachimbaji wadogo wakazidi kumiminika Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu, ilikusanyika huko hadhira ya vijana ambayo manju wa zamani hakupata kuiota: maelfu ya watu wenye nguvu, wenye senti siku ya bahati, mbali na wazee wao na wenye hamu ya lugha ya nyumbani. Vijana hawa hawakuwa na kaseti. Walikwenda kwenye kibanda chenye kompyuta wakajaziwa nyimbo katika memori kadi, nyingi kwa bei ya soda moja au mbili. Waliochanganyiwa humo walikuwa wa bongo fleva, wa injili, wa Kikongo, na waimbaji wa Kisukuma. Hivyo wimbo wa Kisukuma uliingia machimboni bila wenyewe kuupeleka, na ninathubutu kusema kwamba bila vibanda hivyo kizazi kizima cha Geita kingekua bila kuusikia. Nasema hivyo nikijua kuwa mwenye kibanda alikula na mwimbaji alilala njaa.

Siku hizi vibanda vinapungua, na kijana hununua bando la intaneti akatazama YouTube. Nyimbo za Kisukuma zimejaa humo, na waimbaji kama Bhudagala wana video zinazotazamwa na watu ambao hawajapata kufika uwanja wa ngoma. Mtu angedhani kwamba hatimaye manju amerudishiwa ufunguo, kwa kuwa kila mtu anaweza kufungua chaneli yake. Tutazame vizuri. Kwa masharti yaliyowekwa mwaka 2018, mwenye chaneli hugawiwa mapato ya matangazo akiwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, ingawa siku hizi video fupi zenye watazamaji mamilioni nazo zinahesabiwa. Manju mmoja wa kijijini, mwenye nyimbo 6 na simu isiyo na chaji, atafikaje huko peke yake? Aghalabu humwendea mwenye studio ya mjini ambaye chaneli yake imekwisha kuvuka kiwango, na wimbo huwekwa chini ya jina la chaneli hiyo. Katika mapatano niliyoyashuhudia, mwimbaji hufurahi kupata video, na haulizi nani ana neno la siri la kufungulia chaneli. Huyo mwenye neno la siri ndiye bawabu mpya. Wakikosana, anaweza kuufuta wimbo usiku mmoja, au kuuacha uendelee kumletea fedha mwimbaji akiwa kaburini.

Waimbaji wakubwa wamejaribu njia mbalimbali. Mwaka 2017 Diamond Platnumz alianzisha tovuti ya Wasafi, ambamo wimbo uliuzwa kwa shilingi 300. Bei hiyo si kitu kwa mfanyakazi, lakini kijana aliyezoea kupata wimbo bure huona shilingi 300 ni ukuta. Yeye mwenyewe hakuufunga mlango wa pili: video zake ziliendelea kuwa wazi YouTube, na mwaka 2020 akawa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kutazamwa humo mara bilioni moja. Fedha yake kubwa hutoka kwenye majukwaa na matangazo, yaani kutoka kwa umati uliozunguka uwanja. Angekuwa Msukuma tungesema amefundishwa na Bagika. Mdundo, iliyoanzia Kenya, nayo humpa msikilizaji wimbo bure na kuuza matangazo.

Duniani kote waliofunga sana wamelipa gharama. The Beatles hawakukubali nyimbo zao ziuzwe katika duka la iTunes mpaka Novemba 2010, wala hawakuingia katika huduma za kusikiliza kwa mtandao mpaka mkesha wa Krismasi wa mwaka 2015. Wao walikuwa na jina linaloweza kungoja. Kundi la De La Soul la Marekani, kwa sababu ya mikataba iliyoandikwa kabla ya enzi ya intaneti, albamu zao za mwanzo hazikupatikana katika huduma hizo hadi Machi 2023, na kwa miaka mingi vijana waliopenda rapu waliwajua kwa masimulizi tu. Karibu na kwetu, Saida Karoli wa Kagera aliimba kwa Kihaya mwaka 2001 wimbo ambao nchi nzima ilicheza bila kuelewa maneno. Kisha akasahauliwa na vijana. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny walipoutengeneza upya kwa jina la Salome, watoto waliozaliwa baada ya ule wa kwanza walianza kuuliza huyu mama ni nani, naye mwaka uliofuata akarudi na wimbo mpya, Orugambo. Wimbo wake ulimtangulia mlangoni ukambishia hodi.

Wako wanaosema kwamba wazee wa ngoma wanawakosa vijana kwa sababu nyimbo zao zimepitwa na wakati. Mimi siamini. Nina sababu, nayo nitaieleza kama nilivyoiona.

Mwaka 2014 nilikuwa Geita kwa shughuli za ofisi. Nilifuatana na mzee mmoja, manju mstaafu, aliyeniomba nimsindikize stendi kwa sababu ameambiwa kuna kijana anauza sauti yake. Mzee alikuwa na hasira, na fimbo mkononi. Tulifika kibandani. Kijana hakumjua mgeni wake, alimkaribisha, "Shikamoo babu, nikujazie nyimbo gani?" Mzee akataja maneno ya mwanzo ya wimbo wake. Kijana akatabasamu, akabonyeza, na sauti ikatoka. Kisha akaanza kuimba pamoja nayo, neno kwa neno, kwa Kisukuma safi cha Shinyanga ambacho nilidhani watoto wa Geita hawanacho tena. Fimbo ilishuka polepole.

Wimbo ukakatika ghafla. Mzee akauliza, "Na mwisho wake?" Kijana akajibu kwamba mwisho ni hapo, ndivyo alivyoupata kwa mwenzake wa Kahama, umeandikwa "Namba 7". Sehemu iliyokatwa ndiyo ile ambamo manju anajitaja, yeye, kijiji chake na mwalimu wake aliyemfundisha. Kijana alikuwa ameuza wimbo huo kwa miaka miwili akiamini mwenyewe alikwisha kufa zamani, "enzi za Mwalimu," alisema.

"Mimi ndiye," mzee akamwambia.

Kijana alisimama. Aliamkia upya, kwa magoti safari hii, akatoa kiti chake na kutuma soda. Mzee hakuzungumzia sheria, nami sikuitaja ingawa ilikuwa mfukoni mwangu. Alidai vitu viwili: shilingi 20,000, na kalamu. Fedha zilihesabiwa kwa noti chafu za elfu moja na za mia tano, nyingine zikakopwa kwa muuza chipsi wa jirani. Kisha mzee akasafisha koo, akaegemea fimbo yake, akaimba ule mwisho wote katika simu ya kijana, huku abiria wa basi la Kahama wakishuka mmoja mmoja kuja kusikiliza. Alipomaliza akamtajia kijana jina lake herufi kwa herufi, akangoja mpaka likaandikwa mahali pa ile Namba 7, akalisoma, akasema herufi moja imekosewa, likaandikwa tena.